Ukuta Uliokuwepo Kabla ya Moto

Watu hustaafu wakiwa na mvi; mimi nimeondoka nikiwa na meno yote na magoti yasiyolalamika. Niliandika barua ya kuacha kazi, lakini kitengo chetu cha ukaguzi wa majengo hakijui kumuaga mtu anayeacha kazi, kinajua kumuaga mstaafu tu. Basi wenzangu wakanifanyia sherehe ile ile waliyoizoea: pilau, soda, saa ya ukutani, na hotuba ya kunitakia uzee mwema. Mmoja akaniuliza kama nitafuga kuku. Na kwa kuwa mstaafu hutakiwa awaachie vijana maneno, nawaachia haya ninyi mtakaoshika futi na nyundo baada yangu. Habari za vyeo na mishahara mtazipata kwa wengine, na watazieleza vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kuwaeleza habari za ukuta mmoja wa mtaa wa Stesheni, na mama aliyekuwa akiuegemea.

Siku ya kwanza nilifika ofisini na viatu vya kisigino kifupi na shahada ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Nimezaliwa Ushirombo, katika nyumba ya wakulima na ya rozari ya kila jioni, ambako kuuliza sana kunaitwa utovu wa adabu. Chuo kikuu kiliniambia kwamba kuuliza sana kunaitwa elimu, nami nikakiamini upesi, maana jibu hilo lilinifaa.

Mzee Ngassa, mkaguzi aliyepewa kazi ya kunifundisha, alivitazama viatu vyangu kabla hajanitazama mimi.

"Binti, hivyo vitapanda ngazi?"

"Vitapanda, mzee."

"Haya. Vikishindwa utavivua wewe, si mimi."

Alikuwa na baiskeli na mfuko wa turubai. Ndani ya mfuko mlikuwa na futi ya chuma, pima maji iliyopasuka kioo lakini bado ikisema kweli, nyundo ndogo ya kugongea lipu, na kopo la rangi nyekundu na brashi yake. Aliniambia nisichezee kopo. Ukishaandika X kwenye mlango wa mtu, alisema, nyumba imeshakuwa kifusi. Tingatinga linakuja kumalizia tu. Nyundo ndiyo aliyonipa kwanza. Somo lake lilikuwa fupi: gonga, sikiliza. Lipu iliyoshikamana na ukuta hujibu kwa sauti fupi na kavu. Iliyoachana nao hulia kama debe. Tofali bichi huimeza nyundo, na tofali la kuchoma huirudisha. Niligonga kuta za ofisi nzima mpaka mhasibu akatoka kuuliza kama tunahamishwa.

Siku hiyo hiyo alinipeleka mtaa wa Stesheni. Mliokuja juzi mnaufahamu kama mahali pa kupiga picha, kwa hiyo niwaeleze ulivyokuwa. Maduka ya zamani yalikaa mstari mmoja, yakiwa na baraza mbele, nguzo za mbao, na bati lililopata kutu hadi likawa na rangi ya ardhi. Kati ya duka na duka ukuta ulipanda ukapita paa, kama mtu anayechungulia uani kwa jirani. Asubuhi palikuwa na cherehani barazani, redio mbili zilizoshindana, magunia ya dengu, na harufu ya maandazi iliyokufikia hata kabla hujavuka reli. Nikisema naikumbuka kazi, mara nyingi ni hiyo harufu ninayoikumbuka.

Tulisimama ng'ambo ya barabara, Mzee Ngassa akaninyooshea paa kwa kidole.

"Zamani paa zote hizi zilikuwa za nyasi," alisema. "Nyuma ya maduka yalikuwa maghala ya pamba. Moto ukaanzia kwenye pamba, ukala karibu mtaa mzima. Mwingereza akakasirika, akatoa amri: bati badala ya nyasi, ukuta upande juu ya paa kati ya duka na duka, na uchochoro kila baada ya maduka machache, ili moto ukikimbia ukose pa kukanyaga. Mji wote unaouona ulichorwa na moto ule."

"Nani kasema?"

Alinigeukia taratibu. "Mimi nimesema."

"Na wewe, mzee, nani alikwambia?"

"Aliyenifundisha kazi."

"Na yeye?"

Akanipa ncha ya futi. "Shika hapo."

Kufika jioni ofisi nzima ilikuwa ikiniita Nani Kasema. Jina hilo limeandikwa hata kwenye saa yangu ya ukutani.

Harufu ya maandazi ilitoka duka la mwisho, kwa Mama Shabani. Alikuwa mjane, mwenye sauti ya chini na ulimi mkali, aliyewauzia abiria wa treni na wafanyakazi wa stesheni. Tulimwamkia, akaitikia, akatupa viti na chai bila kuuliza tumefuata nini. Baadaye nilijifunza kwamba aliwafanyia hivyo wakaguzi wote, kwa hesabu kwamba mtu mwenye andazi mdomoni hawezi kuandika.

Nilimuuliza habari za moto. Alisema babu yake alikuja na reli kutoka pwani, akaoa Msukuma wa hapa, akawa anawapikia vibarua wa pamba na kulala kwenye chumba cha nyuma ya maduka. Baada ya moto, wote waliokuwa wakipika na kulala kule nyuma walihamishwa ng'ambo ya reli, kwenye mbuga inayojaa maji masika. Wenye maduka walibaki.

"Waliambiwa ni kwa usalama wao," alisema. "Babu akawa anavuka reli kila alfajiri kuja kuwapikia watu wale wale, kwenye mtaa ule ule. Baba yangu ndiye aliyerudi. Alilinunua duka hili kwa Mhindi aliyekuwa anahamia Mwanza, na lililokuwa ghala la pamba pembeni yake akalifanya jiko. Alisema jiko likae hapo hapo, walione waliotuhamisha."

"Kwa hiyo moto ulianza kwenye pamba ya matajiri, wakahamishwa wapishi?"

"Mwanangu, kula andazi."

Alituonyesha na nyumba yake. Ukuta mnene ulitenga jiko na chumba cha kulala, na baba yake alikuwa ametoboa mlango mwembamba katikati. Jiko la kuni liliegemea ukuta huo upande mmoja. Kitanda kilikuwa upande wa pili. Akimaliza kukaanga alikwenda kukaa kitandani na mgongo wake ukutani, kwa sababu ukuta ulitunza joto hadi mchana. "Huyu ndiye daktari wangu," alisema, akiupiga kofi kama mtu anayempiga ng'ombe wake. "Hana foleni."

Miaka iliyofuata nilijifunza kazi. Nilipitia maghala ya Kahama, madarasa yaliyopasuka, nyumba za ibada zilizojengwa kwa imani zaidi ya nondo. Nilipenda hata vumbi. Lakini kilichonifundisha moto ni nini hakikuwa jengo. Niliazimwa upande wa Geita, kwenye rashi moja ya dhahabu, kambi ya wachimbaji wadogo, iliyoungua. Mahema ya maturubai na miti yalikuwa yamebanana kuanzia kwenye maduara, mashimo ya kuchimbia, hadi barabarani, na jiko moja lililopinduka lilitosha. Nilipofika majivu yalikuwa bado ya moto, na watu wameshaanza kuchimbia miti mipya.

Mwenyekiti wa rashi alikuwa akipanga upya kwa kamba na vigingi. Aliacha njia pana katikati, jambo zuri, nikalisifu. Kisha nikaona njia ile imepita juu ya vibanda vya mama ntilie, na kwamba vibanda hivyo sasa vimepewa nafasi nyuma kabisa, karibu na vyoo. Mbele kumekaa wanunuzi wa dhahabu.

"Hawa si ndio waliokuwa mbele?" nikauliza.

"Dada, wanapika," alisema mwenyekiti. "Moto unatoka kwao."

"Huu ulitoka kwao?"

"Huu ulitoka kwa mnunuzi mmoja hapo. Lakini unaweza ukatoka kwao."

Mama ntilie mmoja, aliyekuwa amebeba sufuria nyeusi kichwani, alicheka. "Mkaguzi, andika hilo. Tumehamishwa kwa moto ujao."

Nilirudi mjini nikaupita mtaa wa Stesheni kwa macho mengine. Vitabu vya chuo vilinieleza kwamba moto huunda miji, kana kwamba moto una karani na rula. Niliyoyaona Geita yalikuwa tofauti: moto hufuta tu. Anayechora ni yule aliyekuwa na mchoro mfukoni tangu kabla haujawaka. Nilimwambia hivyo Mzee Ngassa. Akafikiri, akasema hiyo ni hotuba nzuri na kwamba nimesahau pima maji kwenye baiskeli yake. Mwaka huo akastaafu, kwa mvi halali, akaenda kulima mpunga.

Kisha ikaja barabara. Mtaa wa Stesheni ulitakiwa kupanuliwa, na maduka yote ya zamani yalikuwa njiani. Kwenye kikao nilisema majengo yale yana historia. Mhandisi aliyesimamia mradi, mtu mpole asiyepandisha sauti, alijibu kwamba historia yake inajulikana: yamejengwa upya baada ya moto kwa amri ya serikali, kwa mtindo ule ule ulioko kwenye miji mingine ya reli. Hakuna hata ukuta mmoja wa kabla ya moto, alisema. Kungekuwa na wa kabla, wataalamu wa mambo ya kale wangeitwa, na barabara ingepindishwa. Nilitaka kuuliza nani kasema, lakini jibu nilikuwa nalo: Mzee Ngassa alisema, na mimi nilikuwa nimelirudia kwa kila mkaguzi mpya.

Kopo la rangi nikapewa mimi. Nilianza na mlango wa Mama Shabani kwa sababu nilijua nikianza kwingine sitafika kwake. Alisimama barazani, mikono ina unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyoosha mkono, mwanangu, isije ikapinda. Wageni wataisoma."

Nikaandika. Akaitazama, akasema mguu mmoja ni mrefu, kisha akanikaribisha chai. Tuliingia ndani. Nilikaa karibu na mlango ule mwembamba, nyundo ikiwa mkononi, na kwa mazoea tu nikagonga ukuta wa jikoni. Nyundo ikarudi. Nikanyoosha mkono upande wa chumbani nikagonga ukuta huo huo. Nyundo ikamezwa.

Nikarudia. Jikoni, tofali la kuchoma. Chumbani, tofali bichi. Ukuta mmoja.

"Mama, naomba nibandue lipu kidogo."

"Umeshaandika X. Bandua upendavyo."

Nilibandua kwenye ubavu wa mlango, pale baba yake alipoukata ukuta, kwa sababu hapo unaweza kuona unene wake wote. Matofali yalikuwa yamelala kama vipande vya mkate ulioiva upande mmoja. Kuanzia jikoni yalikuwa mekundu na magumu, wekundu ukafifia kuelekea katikati, na upande wa chumbani ulikuwa udongo mtupu wa kahawia, na majani makavu yaliyochanganywa nao bado yakionekana. Hakuna fundi anayefyatua tofali la namna hiyo. Lilijengwa likiwa bichi, kisha likachomwa likiwa ukutani, kutoka upande mmoja.

Furaha ikanipanda, nikaizuia. Jiko la Mama Shabani lilikuwa limeegemea hapo miaka mingi. Huenda ni maandazi yaliyouchoma. Nikaomba kusogeza kabati lililokuwa upande huo huo wa jikoni, kwenye pembe ya mbali kabisa na meko. Nikabandua: nyekundu. Nikavua viatu, nikapanda juu ya bati, nikafika pale ukuta unapochungulia nje ya paa, nikakwangua upande wa jikoni, uliokuwa ghala: nyekundu hadi tofali la juu kabisa. Hakuna jiko la kukaangia linalofanya hivyo. Lakini ghala lililojaa pamba linafanya, maana pamba haiungui kama nyasi na kwisha. Inafukuta ndani kwa ndani, siku baada ya siku.

Nilishuka nikakaa chini. Maana yake ilikuwa rahisi. Moto ulipofika, ukuta ulikuwepo. Ulipanda juu ya paa la nyasi kabla Mwingereza hajaamuru kuta zipande. Moto ulikula mpaka hapo ukasimama. Yeyote aliyetoa amri baadaye alikuja, akaangalia kilichobaki kimesimama, akawaamuru wengine wajenge vivyo hivyo, halafu sifa ikawa yake.

"Alijenga nani?" Mama Shabani akauliza.

"Hatujui, mama."

"Wewe hujui. Babu alikuwa anapika nyuma ya ukuta huu. Mtu anayepika ndiye anayeogopa moto."

"Si ushahidi."

"Sikusema ni ushahidi. Nimesema najua."

Nilimpigia Mzee Ngassa simu. Alikuwa shambani, nikisikia ndege nyuma yake. Nikamweleza yote kwa pupa: kwamba ukuta ulikuwepo kabla ya moto, kwamba aliyemfundisha kazi alikosea.

"Nani kasema?" akauliza.

"Tofali, mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile ya viatu alikuwa akingoja nafasi ya kulisema. Sikupata tena kucheka naye. Alifariki kabla ya mavuno.

Wataalamu wa mambo ya kale waliitwa. Walikuja na vifaa ambavyo chuo changu kilikuwa navyo kwenye picha tu, wakachukua vipande, wakapima, wakakubali. Barabara ikapindishwa. Nilifuta X ya Mama Shabani mwenyewe kwa mafuta ya taa, naye akasimama nyuma yangu akinionyesha sehemu nilizoziruka. Mtaa mzima ulikunywa chai siku hiyo. Mwenye cherehani aliapa atanishonea gauni bure, na hadi leo anasema kitambaa kinakuja. Kama mngeniuliza siku hiyo, ningewaambia kazi hii ndiyo bora kuliko zote duniani.

Masharti yalifuata baadaye. Jengo la kumbukumbu halikaliwi. Halipikiwi ndani. Hasa halipikiwi ndani, maana ukuta wenyewe ndio historia, na joto linaweza kuudhuru. Mama Shabani angepewa eneo jingine, nje ya mji, lenye hati.

Nilibishana vikao vyote. Nilisema ukuta uliohimili ghala la pamba hautashindwa na kikaango. Nilisema jengo lilinusurika kwa sababu lilikuwa na mtu wa kuzibua mifereji na kuziba bati, na likifungwa mchwa watalimaliza kabla ya moto. Nilisema wapishi walihamishwa hapa mara moja, na sisi wenyewe tumebandika bango linaloeleza hivyo. Yule mhandisi mpole alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa, ingenirahisishia.

"Ni kwa usalama wa jengo," alisema. "Na wa mama pia."

Nikatumwa mimi, kwa kuwa mama alinizoea. Nilimsomea masharti barazani. Hakulia wala hakunilaumu. Aliuliza jambo moja tu.

"Walisema ni kwa usalama?"

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia wimbo anaoujua. "Maneno hawabadilishi hata kidogo," alisema. "Uvivu."

Hakulitaka eneo la nje ya mji. Alikwenda Tinde kwa mwanawe Shabani, mwenye duka la pembejeo barabarani. Nilimsaidia kufunga vyombo. Alipomaliza kutoa kila kitu alirudi chumbani peke yake, akakaa sakafuni pale kitanda kilipokuwa, akauegemea ukuta. Nilimngoja barazani. Alikaa mpaka joto la maandazi ya mwisho lilipokwisha, ndipo akatoka, akafunga kanga yake, akanikabidhi ufunguo.

Nilifanya kazi miezi michache baada ya hapo. Kila nilipotakiwa kwenda na wageni mtaa wa Stesheni niliwaonyesha ubavu ule wa mlango, sasa una kioo mbele, nao walipiga picha. Hakuna aliyeuliza kwa nini chumba kina alama ya kitanda. Siku moja nilijikuta nakwepa kupita upande wa reli asubuhi, kwa sababu pua yangu ilikuwa bado inatafuta harufu, na haipati. Nikaandika barua.

Wiki baada ya sherehe yangu ya uzee nilikwenda Tinde. Mama Shabani anakaangia nje, kando ya duka la mwanawe, chini ya kibanda cha bati kisicho na ukuta hata mmoja. Wasafiri wa malori wanamfahamu tayari. Alinipa andazi kabla sijaketi, kwa mazoea ya kumfunga mkaguzi mdomo.

"Siku hizi siandiki, mama. Nimestaafu."

"Wewe? Umestaafu nini, hata ndevu huna."

Tulicheka. Upepo wa barabarani ulikuwa ukiupeleka moshi huku na huku, naye akawa anahamisha kigoda chake kuukwepa, mgongo ukielekea jikoni, akitafuta mahali pasipo baridi na pasipounguza. Hakupapata. Baadaye aliuliza, bila kunitazama.

"Ukuta wangu bado una joto?"

Nilikuwa nimeupitia asubuhi ile. Ufunguo wa akiba ninao, na wenzangu wanajua, msimuulize mlinzi. Nilikuwa nimeweka kiganja upande wa chumbani, pale pale lipu ilipong'aa kwa mgongo wake, nikangoja. Ningeweza kumwambia neno lolote zuri. Lakini kwa karibu miaka kumi kazi yangu ilikuwa kugonga na kusema nilichosikia.

"Upo, mama. Umepoa."

Aligeuza maandazi, moja moja.

"Nilijua," alisema. "Ukuta haupati joto kwa kutazamwa."